Jina la Mjenzi

Miezi mitano fundi wa kompyuta wa hospitali aliipiga chenga kazi ile. Asubuhi hiyo daktari wa maabara, rafiki wa marehemu mumewe, alikuja kusimama mlangoni.

"Shemeji, programu ya mashine mpya ya kupima damu imegoma. Inataka kompaila mpya. Kuna mtoto wodini anasubiri majibu tangu juzi."

Kila programu kwenye kompyuta ya hospitali mumewe aliijenga mwenyewe, kutoka maandishi yake ya asili. Kompaila ndiyo chombo cha ujenzi huo, kinachogeuza maandishi kuwa programu. Ukiibadilisha, unazijenga zote upya.

"Usiiguse kwanza," mumewe alimwambia siku alipolazwa. "Nikitoka tutaifanya wote."

Hakutoka.

Fundi akafungua orodha. Programu mia nane na kumi, na mbele ya kila moja jina la aliyeijenga. Lilikuwa jina moja tu, toka juu hadi chini.

"Haiwezekani kubadilisha nusu?" daktari akauliza kwa upole.

"Nilijaribu. Mpya na za zamani zinagombana."

Akaandika amri. Kompyuta ikauliza kama aendelee. Kitufe cha kukubali kilikuwa kimelika upande mmoja, mahali kidole cha mumewe kilipozoea kugonga. Akaweka chake pale pale.

"Kaa nami kidogo, shemeji."

Daktari akavuta kiti.

Fundi akabonyeza. Kwenye mstari wa kwanza jina la mumewe likafutika, likaja lake. Akavumilia kutazama mpaka la nne, kisha akageuza kiti, akakipa kioo cha kompyuta mgongo.