Buluu ya Pothia

Brashi ilimdondokea Kapteni Spadaro begani, na nyota zake zote zikawa za buluu.

"Samahani," bibi kizee akasema kutoka juu ya ngazi. "Nilikuwa nalenga kofia."

Askari waliosimama nyuma ya Kapteni wakageuka kuangalia bahari. Baharini hapakuwa na kitu, lakini waliiangalia kwa bidii sana.

Pothia nzima ilikuwa gatini asubuhi ile, yaani wanawake wote. Wanaume walishaondoka baada ya Pasaka kwenda pwani ya Libya kupiga mbizi kuvua sponji. Waliobaki ni wale ambao bahari ilishawavunja, nao walikuwa wamejipanga na mikongojo yao mlangoni pa mgahawa, kama watu waliokata tiketi.

Waitalia, waliokitawala kisiwa hicho cha Wagiriki, walikuwa wamepiga marufuku bendera ya Ugiriki kote. Sawa, wanawake wakasema, wakaihamishia ukutani kwa rangi zake: chokaa nyeupe, na juu yake chokaa iliyokorogwa na buluu ya kufulia. Bendera unaweza kuishusha mlingotini. Nyumba utaishushia wapi? Na kuizuia buluu ingebidi uwazuie watu kufua, askari wenyewe wakiwemo.

Ila Jumatatu Kapteni wao aliamua kuanza na nyumba ya Kalotina, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuonekana meli inapoingia bandarini, na Jumamosi Jenerali angekuja kutoka makao makuu Rodo. Ikapakwa kijivu. Kalotina alimjibu sajini aliyeshika ndoo kwa jiwe. Sajini akashonwa paji la uso, Kalotina akawekwa ndani. Tangu siku hiyo hakuna jiko hata moja la Pothia lililompikia Mwitalia. Lakini kijivu kilibaki, na kila mtu alijua kwamba kikizoeleka hapo, ndoo itabisha hodi mlango wa pili.

Ndipo Jumamosi alfajiri huyu bibi, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, akaazima ngazi ya jirani yake Themelina. Akajipiga ishara ya msalaba kinyumenyume kama kawaida yake, maana Themelina alishachoka kumsahihisha, akapanda. Jua lilipofika kwenye kuba la kanisa, ukuta ulikuwa umerudi Ugiriki.

"Shuka," Kapteni akasema.

"Mtoe Kalotina."

Alimjibu kwa Kiitalia, tena kile cha sokoni. Hilo halikumshangaza mtu. Kwa miaka waliyotawaliwa, hata mbuzi wa Pothia walikielewa Kiitalia.

"Kalotina amempasua sajini kichwa."

"Na mimi nilipolala na homa, nani alinikanda? Kalotina. Wewe na sajini wako sikuwaona hata na ndimu."

Kapteni akashusha sauti. "Watu wanatutazama."

"Kwani unadhani nimepanda huku kuanika nguo?"

Wanawake wakacheka. Mzee mmoja pale mgahawani akapiga mkongojo chini mara mbili, kuomba irudiwe.

"Jenerali akiiona hiyo buluu," Kapteni akasema, "atanivua hizi nyota."

"Zimeshachafuka. Mpe tu." Shangazi akachovya brashi nyingine, akamtazama vizuri kutoka kule juu. "Umekonda."

"Tangu Jumatatu nakula biskuti za kambini."

"Vizuri. Zitakuimarisha taya, maana kutoa amri ni kazi ya taya."

Themelina alikuwa ameishikilia ngazi kwa mikono miwili. "Shangazi, acha dirisha, kuta zinatosha," akanong'ona. "Hata sisi wenyewe dirisha hatulipaki hivyo."

"Ndiyo maana linachubuka. Tulia hapo chini."

Kapteni akawageukia askari wake. "Mshusheni."

Hakuna aliyesogea. Sajini mwenye bandeji akakohoa. "Mshushe mwenyewe, Kapteni. Mimi nyuzi nilizoshonwa zinanitosha."

Kapteni akauweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Akauweka kwenye cha pili. Ngazi ikatikisika, naye akarudi chini, uso umempauka kama ile chokaa.

"Bado unaogopa ngazi?" Shangazi akauliza, safari hii bila kejeli.

Honi ya meli ikalia.

Jenerali alishuka na wasaidizi wake, glavu nyeupe, buti zinang'aa. Hakulitazama gwaride. Aliitazama nyumba, na nyumba ikamtazama yeye kwa madirisha yake yote mawili ya buluu.

"Ile ni ya nani?"

"Ya mwanamke mmoja, Mheshimiwa. Yuko ndani kwa kumpiga sajini jiwe."

"Na yule aliye juu ya ngazi? Anachora bendera ya adui mchana kweupe, kikosi kizima kimesimama kama nguzo, na yuko nje?"

Kule juu brashi iliendelea kwenda na kurudi, taratibu, kama ya mtu asiye na mgeni. Wanawake walikuwa wamekaribiana sasa, bega kwa bega, toka ngazini hadi ukingo wa gati. Hakuna aliyecheka.

"Kapteni, sheria haina mlango wa uani," Jenerali akasema. "Wote wawili ndani, au wote wawili nje. Chagua."

Kapteni Spadaro akaitazama ngazi. Akavua kofia.

"Wote nje, Mheshimiwa. Kalotina ataachiwa sasa hivi."

Jenerali akamkaribia mpaka glavu ikakaribia kugusa lile bega lenye rangi. "Huyo kizee wa Kigiriki," akauliza polepole, "amekupa nini hasa?"

Kapteni akainua macho kule juu ya ngazi.

"Ziwa la kunyonya, Mheshimiwa. Ni mama yangu. Alikuja toka kwetu Bari, Italia, mwezi Machi, kunipikia."