Nafasi Moja ya Tasmania

Kabla hata filimbi haijalia, Glenys alipigwa kiwiko cha mbavu.

"Samahani, sikukuona," alisema Merle, na usoni hakuwa na samahani hata chembe.

"Hukuniona vipi? Nimesimama mbele yako, mama!"

"Basi ndiyo hivyo. Hapo mbele ni pangu."

Wakimbiaji wa Klabu ya Shakwe waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mji mzima wa Binnara ulijua habari za wawili hao. Kila mwaka klabu ilitoa nafasi moja tu ya kwenda mbio za kisiwa cha Tasmania kwa wanawake wa miaka sitini na kuendelea, na aliyeshinda mbio za Binnara ndiye aliyepanda ndege. Hakuna aliyewahi kumpokonya Merle nafasi hiyo. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu, na mdomo mrefu kuliko miguu.

Glenys yeye alianza kukimbia baada ya kustaafu ualimu. Mwanzoni alikuwa akikimbia kidogo na kutembea sana, akijifanya anatazama mandhari. Lakini hakuacha. Mwezi wa tatu alipotimiza sitini, keki ikiwa bado mezani, alisimama mbele ya klabu nzima akatangaza, "Tasmania mwaka huu naenda mimi!"

Merle alijikatia kipande kikubwa cha keki, akakitafuna taratibu. "Utakwenda, mpenzi," alisema. "Kunishangilia."

Tangu hapo ikawa vita. Glenys akawa anapanda kilima cha posta kila alfajiri. Merle aliposikia, akawa anakipanda na kurudia. Glenys akaacha soseji. Merle akaja kumlia soseji mbele ya macho yake, akilamba mchuzi vidoleni.

Sasa filimbi ikalia.

Glenys alitoka kama aliyefukuzwa na nyuki. Alikipanda kilima bila kutazama nyuma, mapafu yakimwaka moto. Kileleni alikuwepo Darryl, mwenyekiti wa klabu, na kipaza sauti chake.

"Jamani, Glenys anaongoza! Naota? Nifinyeni! Glenys anaongoza!"

Glenys akacheka mpaka pumzi zikampotea. Kisha akasikia sauti nyuma yake iliyomkata maini. Merle alikuwa anaimba. Kilimani! Ili tu ajulikane kwamba pumzi anazo za kuchezea.

Waliteremka pamoja hadi ufukweni. Maji yalikuwa yanajaa, na kwenye miamba ya rasi njia ilikuwa imebaki nyembamba. Glenys alikuwa bado mbele aliporuka jiwe, wimbi likampiga magotini, na kiatu cha kushoto kikamtoka mguuni.

"Kiatu changu!"

Merle alikuwa ameshampita. Mbele yake mchanga ulikuwa mtupu na Tasmania ilikuwa yake. Aligeuka, akaona kiatu kinaelea, akaona Glenys amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Akarudi. Aliingia majini mpaka kiunoni, akakikamata kiatu, akakung'uta mchanga, akamtupia Glenys kifuani.

"Fundo mara mbili! Nimekwambia mara ngapi? Fundo mara mbili!"

"Wewe nenda! Utashindwa!"

"Niende nikashindane na nani, na samaki? Vaa, mikono yako inatambaa kama kobe!"

Alisimama pale mikono kiunoni, akirukaruka asipoe, mpaka Glenys akamaliza kufunga. Ndipo akachomoka.

"Huruma imeisha!" alipiga kelele bila kugeuka.

Glenys akamfukuza. Alimfikia pale mchanga unapokutana na lami, na barabara ya mwisho wakaikimbia bega kwa bega, wakisukumana.

"Rudi darasani!"

"Rudi ukafume!"

"Nitakufumia mkia, maana mkiani ndiko uliko!"

Walikuwa wanacheka sana, hata wakashindwa kukimbia njia iliyonyooka. Mzee mmoja aliyekuwa anakula chipsi kando ya barabara aliruka kuwapisha, chipsi zikamwagika, na shakwe wote wa Binnara wakashuka kama waliopigiwa kengele. Wakimbiaji wawili wakatokea upande wa pili wa hilo wingu la mabawa, vichwa vyao vimejaa manyoya, bado bega kwa bega.

Mbele ya ukumbi wa waokoaji wa baharini, mwisho wa mbio, watu walikuwa wamepanda juu ya viti. Glenys alitoa kila kilichobaki mwilini. Alitaka ushindi huo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu astaafu. Aliuona utepe. Akauona mkono wake mwenyewe ukiunyookea.

Merle akasukuma kifua mbele kama jogoo, akaukata.

Glenys alianguka kifudifudi kwenye majani. Alilia kidogo, kisha akajikuta anacheka, kisha vyote viwili kwa pamoja. Upepo wa bahari ulikuwa unampiga mgongoni kwenye fulana iliyolowa, na meno yakaanza kugongana. Merle akaja kusimama juu yake, akihema kama mvukuto, manyoya bado nyweleni.

"Mwakani nakushinda," alisema Glenys ndani ya majani.

"Huenda. Mwakani nitakuwa na miaka themanini na miwili, labda nitaanza kuchoka." Merle akamrushia sweta. "Inuka uvae hiyo. Sikukuzaa ili uje kunifia kwa baridi."