Dole la Dobi

Kuhani alilamba kidole, akafunua daftari refu la ukoo, lililotunzwa na makuhani kwa vizazi, na kusoma kama anayesoma orodha ya sokoni. "Babu wa marehemu: mama yake dobi wa kambi ya jeshi. Baba yake sajini wa Kiingereza, alirudi kwao."

Devkinandan, aliyekuja na binti yake Haridwar, mji mtakatifu wa India, kuyatia mtoni majivu ya baba yake, alihisi masikio yakiwaka moto. "Soma vizuri, Panditji! Macho yetu haya ya kijivu yametoka kwa mababu zetu watukufu wa Kashmir, kila mtu anajua."

"Mzee wangu, dole la huyo mama hili hapa."

Lilikuwa alama ndogo ya wino uliofifia, mistari ya kidole imelika kwa sabuni ya kufulia.

Binti wa Devkinandan aliinama akalitazama sana. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Wanaume watatu walikuja kumposa, na wote baba yake aliwatimua, eti koo zao hazijulikani.

"Haya, tuandike walio hai," kuhani alisema, akichovya kalamu. "Binti ameolewa wapi?"



"Andika hajaolewa," binti alijibu. "Na sababu usiiache, Panditji. Andika damu yetu safi mno."