Berthe Alipofumba Macho

Mwalimu wa maigizo aliwaambia wanafunzi wake wafumbe macho, kila mmoja aingie kwa mawazo nyumbani kwa mtu atakayemwigiza. Ilikuwa mwaka 1956, katika ukumbi wa parokia huko Mangobo.

Berthe alipewa nafasi ya mama anayemsubiri mwanawe. Mwanawe mwenyewe, wa miaka sita, alikuwa amekufa kwa surua miezi mitatu nyuma, na tangu mazishi hakuweza tena kuikumbuka sura yake.

"Umeingia, mama?" mwalimu alimuuliza. "Unaona nini?"

"Naona mutoto. Iko anakula samaki."

"Anakula namna gani?"

"Anatoa miiba moja moja kwa vidole, anaipanga pembeni ya sahani. Sasa anainua uso, ananiangalia."

Mwalimu aliwageukia wanafunzi wote.

"Bon, inatosha. Fungueni macho."

Wenzake wote wakafungua. Mwalimu akamsogelea, akamgusa bega.

"Mama Berthe, zoezi imeisha."

Alizidi kuyakaza macho, machozi yakipenya kwenye kope zilizofumbwa.

"Ngoja kidogo, papa," alimwambia mwalimu. "Mutoto bado hajamaliza kula."