Kesi ya Waziri Lin

Mama Ocen aliinuka katikati ya filamu, akachukua kiti chake cha plastiki, maana alikuja nacho kutoka nyumbani, akawatangazia watu sitini waliobanana kwenye kibanda cha video cha Abubaker pale Bwaise kwamba serikali ile hataitazama tena. Kisha akatoka, kiti kichwani.

Kisa ni Waziri Lin. Kwa miezi mitano Mama Ocen alikuwa amemfuata mtu huyo kila Jumamosi alasiri, kwenye tamthilia ndefu ya siasa kutoka Uchina: waziri mpole, mwenye suti moja, anayewakatalia wakubwa rushwa bila hata kupandisha sauti. Mambo mengine ya nchi ile yalimchekesha tu. Bendera yao ilikuwa na bakuli, lakini yetu si ina ndege? Na mawaziri wao hawakukutana hata siku moja bila kula kwanza. Hayo aliyasamehe. Alichoshindwa kusamehe ni Lin kusingiziwa wizi wa mafuta ya serikali, akatupwa gerezani, gereza la ajabu lenye magunia mpaka darini.

Marehemu mumewe, Olal, alistaafu jeshini akiwa sajini, akaajiriwa kutunza ghala la kampuni moja huko Kawempe. Dizeli ikapotea. Akafukuzwa kama mwizi, na kesi yake ikaahirishwa na kuahirishwa mpaka akafa. Mwaka wa tisa sasa, na hakuna aliyewahi kusimama akasema Olal hakuiba. Jambo hilo lilimuuma Mama Ocen kila asubuhi aliyoamka. Hakuwa na moyo wa kumwona mtu mwingine safi akizikwa na jina chafu, hata kama ni Mchina.

Zikapita Jumamosi mbili. Katikati ya wiki Gradi akamfuata gengeni, alikokuwa akisaga odi, ile siagi ya karanga na simsim. Gradi alikuwa Mkongo mwembamba mwenye sauti nene kuliko mwili wake, na ndiye VJ wa kibanda: aliketi nyuma na maikrofoni, akiweka Kiswahili juu ya Kichina kwa ajili ya Wakongo wenzake na familia za wanajeshi, waliozoea Kiswahili cha kambini. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa rais, waziri, mke wa waziri, na mbwa wa rais.

Alinunua kikopo cha odi, akajikuna sikio, ndipo akasema kilichomleta.

"Rudiya mara moya tu, mama."

"Sasa wewe nataka mimi nirudi kuona nini?" Mama Ocen akamuuliza. "Ile mutu hapana iba. Kama Olal hapana iba."

Gradi akajitetea kwamba filamu haitungi yeye, anatafsiri tu, na sehemu inayofuata bado hajaiona. Mama Ocen akasonya. Gradi akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya karanga, hivi jaji mwenye akili angepaswa kumwambia nini mtu kama Lin. Mama Ocen akamweleza, tena kwa kirefu, mkono ukisaga bila kusimama. Ajabu ni kwamba Gradi, ambaye siku zote ni chiriku, hakumkatiza hata mara moja.

Mama Ocen alibishana na nafsi yake siku tatu. Alhamisi aliamua haendi. Ijumaa aliamua kwamba watu wa siasa ni walewale, wa Uchina au wa kwingineko. Jumamosi saa nane na nusu alijikuta anapangusa kiti. Mara moja tu, akajiambia, na Lin akiendelea kuozea gerezani, basi kwaheri yao.

Alikiweka kiti karibu na mlango ili akikasirika atoke upesi. Mvua ikaanza, na mtaro wa Bwaise ukafurika kama kawaida yake. Akaingia kujikinga Bwana Zhao, mhandisi wa Kichina anayesimamia ujenzi wa mtaro huo, koti lake la kung'aa likichuruzika maji. Miaka sita ya kujenga barabara huko Dodoma ilikuwa imempa Kiswahili cha kutosha kugombania bei. Watu wakamsogezea nafasi kando ya Mama Ocen, naye akaona fahari kidogo kuketi na mtu anayetoka nchi moja na Lin.

Kwenye skrini kulikuwa na ukumbi mkubwa, watu wa suti wamejipanga safu kwa safu. Lin alisimama katikati, ameinamisha kichwa. Mzee mwenye miwani akafungua karatasi, akaanza kusoma polepole, na kule nyuma Gradi akaishusha sauti yake ikawa ya jaji.

Jaji alisema mahakama imepitia kila karatasi, na mtu huyu hakuchukua mafuta hata tone. Alisema waliomsingizia wanajulikana kwa majina. Alisema aliyefanya kazi miaka yote hiyo kwa mikono safi arudishiwe jina lake mbele ya watu wote, na mkewe, popote alipo, aombwe radhi.

Mama Ocen alilia, wala hakujificha. Ilikuwa furaha tupu, furaha ya miaka tisa. Benchi la mbele zima likapiga makofi.

Bwana Zhao hakupiga makofi. Alitazama skrini, akatazama watu, akageuka kuitafuta ile sauti ya nyuma, kisha akamwinamia Mama Ocen kwa adabu.

"Mama, samahani. Hapa hakuna serikali. Hii kampuni ya tambi. Huyu mzee anasoma namna ya kupika supu."

Mama Ocen hakuondoa macho kwenye skrini.

"Nyamaza kwanza," akamwambia. "Jaji bado anasoma."