Kidole cha Njuguna

Kidole kilikubaliwa na kisomaji cha bima pale hospitalini. Taa ya kijani ikawaka, na kabla Njuguna hajainuka, Sista Lornah alikuwa ameshamfunga utepe wa jina mkononi.

"Haya, twende kwa mashine ya picha."

Njuguna akageuka kumtazama kaka yake waliyefanana sana, Ephantus. Mpango haukuwa huu. Yeye angetoa kidole tu, kisha Ephantus aingie kupigwa picha, maana mgonjwa alikuwa Ephantus. Mwezi uliopita, bima ilipokuwa bado inaangalia kadi peke yake, Ephantus alichomwa uvimbe wa ini kwa sindano ya moto, akitumia jina la Njuguna na bima yake ya kazini. Uvimbe ulikuwa wa sentimita mbili. Daktari Kavindu alimwambia ana bahati, kwa sababu ukishapita tano hawachomi tena.

Leo picha ingeonyesha kama umekufa wote.

"Sista, ngoja kidogo..."

"Wacha uoga, haiumi. Wengine wanangoja."

Kukataa kungekuwa kujianika, na kazi ingeenda. Akafuata, roho mkononi. Ephantus alibaki kwenye benchi, mashavu yamemrudia. Kanisani kule Mountain View watu walikuwa wakikosea, wanampa pole Njuguna, aliyekonda kwa mawazo mpaka akatoboa tundu jipya kwenye mshipi.

Mashine ikamwamuru ashike pumzi. Dawa ya kung'arisha picha waliyomdunga ikampita mwilini na joto lake. Alichoogopa ni kitu kimoja: ini lake zima, lisilo na kovu. Hilo ndilo lingewaumbua.

Daktari Kavindu alizitazama picha mbili kwa muda mrefu, ya mwezi uliopita na ya leo.

"Mahali tulichoma lazima pawe na shimo jeusi. Hapa hakuna. Tulichoma nani?"

Wameshikwa. Afadhali aseme tu.

"Ni ndugu yangu, daktari. Ako hapo nje. Tafadhali, nitafutwa kazi. Mimi sina ugonjwa wowote."

Daktari hakuinua simu. Hakukasirika hata kidogo, na hilo lilimtisha Njuguna kuliko kama angefokewa.

"Keti," alisema, akimgeuzia kioo. "Wa ndugu yako ulikuwa sentimita mbili. Huu wako ni saba."