Kapasita Moja, Mashine Mbili

Kila siku saa kumi jioni kisanduku cha ukutani huita majina ya watu wa nyumba, na kila mtu huitikia. Kisipoita, au kikizimika katikati ya wito, maofisa huja. Saa zilizobaki hakuna anayejali kama kinawaka.

Wiki tatu zilizopita kapasita, kile kipuri kidogo cha kuhifadhi umeme, ilivimba kichwa ndani ya mashine ya kupumulia ya mama mkwe wangu, Bi Nyamizi. Sheria imekataza kuuza vipuri, na mashine mpya ni foleni ya miezi minne. Aliyeitunga sheria hiyo hana mama anayeumwa. Nilifungua redio, feni, hata jiko, kote nikakuta kapasita ndogo mno. Ya kipimo kilichohitajika ilikuwa ndani ya kisanduku cha ukutani tu. Volti inazohimili zilizidi, lakini hilo halidhuru.

Tangu hapo, ikikaribia saa kumi, naitoa kwenye mashine ya Mama na kuirudisha kisandukuni. Mstari mweupe upande wa hasi, vibanio viwili, basi. Majina matatu huchukua dakika moja. Mama, mashine yake ikiwa imezimika, huvuta pumzi ndefu, huitikia, kisha namrudishia.

Leo aliitikia mume wangu, Kisanji, nikaitikia mimi. Mama akasema, "Nipo," kwa sauti nyembamba. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kibanio.

"Asanteni," kisanduku kikasema. "Kuanzia leo tutazungumza zaidi na wazee. Bibi, umeshindaje?"

Mama alinitazama. Midomo yake ilishaanza kuwa ya kijivu.

"Nimeshinda salama."

"Vizuri. Hatuna haraka, bibi. Tusimulie ulikozaliwa."